Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka huu michango yetu imeenda kwa wakutubi

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na joto hili la Tanga. Mahesabu yote mweka hazina keshayatuma kwenye grupu la wasapu kwahiyo sitayarudia, mi naomba niongelee lile tulilobishana sana mkutano uliopita, kwanini michango tuwape wakutubi, yaani wahudumu wenye taaluma wa maktaba ya chuo, badala ya kununua vitabu.

Vitabu vya msaada vipo jamani, vingine havijatoka hata kwenye maboksi kwasababu hakuna wa kuviingiza kwenye mfumo. Wafadhili wengi wanapenda kutoa kitu cha kupiga nacho picha, jengo, shelfu, kompyuta, na sio vibaya, pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, Wachina wametujengea maktaba iliyofunguliwa 2018, inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000, ni jambo kubwa mno. Ila vitabu vyote hivyo bila mtu anayevijua si ghala tu?

Thomas Bodley alipoifufua maktaba ya chuo kikuu cha Oxford, ikafunguliwa 1602, hakuishia kwenye vitabu, aliacha na mali, ardhi na nyumba, ili kodi yake ilipe watu wa maktaba, na mpaka leo mkuu wa maktaba ile anaitwa Mkutubi wa Bodley. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili, ndio wakfu wenyewe, nyumba inapangishwa, kodi inaendesha msikiti au madrasa, nyumba haiuzwi. Na vyuo vya Marekani ndivyo vinavyofanya, mfadhili anatoa hela inawekezwa, kila mwaka inachotwa kama asilimia 4 au 5 hivi kulipia nafasi ya mkutubi mmoja aliyebobea, mfuko unabaki palepale.

Sisi bado hatujafika huko. Tulichoweza ni tuzo ya mkutubi bora, majina yakapendekezwa na wanafunzi pamoja na walimu wao, na aliyeshinda tumemlipia kozi fupi kule chuo cha ukutubi Bagamoyo, ada, nauli na malazi.

Nikaenda kukaa karibu na dawati lake nione. Akaja binti anaandika utafiti wa mkonge, katafuta gugo weee mpaka bando limekata. Yule dada mkutubi hakumkimbilia na kitabu, alimvutia kiti akamuuliza, mwanangu unataka habari za mashamba, viwanda au manamba, wale vibarua wa mkataba? Binti akafikiri, akasema manamba. Basi, akamwambia, achana kwanza na yule Mjerumani Hindorf aliyeleta mkonge huku na miche yake 62 ya 1893, hiyo iko kila mahali, akamfungulia ripoti za idara ya kazi za enzi za Mwingereza, halafu akamwonyesha namna ya kuchukua marejeo ya mwisho wa makala moja yakupeleke kwenye nyingine. Yule binti aliondoka na kazi ya kufanya, sio na fotokopi tu. Hiyo ndio hela yenu ndugu zangu, na mimi nilifurahi sana.

Mengine yameenda vizuri, feni za chumba cha kusomea zimetengenezwa, na viti vile vibovu vimeshaondolewa.

Sasa kamati inaleta ombi: tuanze wakfu mdogo wetu. Masharti tunayopendekeza ni mawili, mtaji usiguswe hata kukitokea shida gani, na mkutubi wa kusaidiwa achaguliwe na chuo pamoja na kamati, asichague mtoaji, maana mtu akishatoa hela anataka awekwe mpwa wake na hapo tuzo inakufa. Naomba mlisome hili kabla ya mkutano mje tupige kura.

Ahsanteni sana kina mama wa Ngamiani kwa michango yenu ya kila mwezi, na wazee wa Chumbageni mliolipa ada mapema. Wenye ada za nyuma wamtafute mweka hazina wiki hii.