Mkataba usiwatenganishe kapteni na msaidizi wake

Mhariri,

Sisi wa Mtwara tuna sababu ya kufuatilia madai ya marubani kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyodhani. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini kule Kilwa, mabasi yalikwama na mwenye mgonjwa wa kuwahishwa Muhimbili alibaki kuitazamia ndege. Rubani akigoma siku kama hizo, kusini imefungwa. Kwa hiyo mtu angetegemea niandike kuwalaumu marubani kila wanapokaa mezani na mwajiri. Siwalaumu. Nina neno moja tu nao: wasikubali mwajiri awagawanye.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi bandarini kabla sijastaafu, na mbinu za waajiri nazijua. Iliyotuumiza kuliko zote haikuwa vitisho. Mwajiri wetu wa wakati ule aliwaongeza posho waendesha kreni peke yao, makuli akawaambia wasubiri bajeti ijayo. Kilichofuata ni kununiana kazini, mzigo unaning'inia juu na aliye chini hasemeshwi. Mkataba wa hali bora tulikuja kuutia saini tukiwa tumechoka, na haukuwa na jipya.

Kwenye ndege mbinu hiyo ina hatari nyingine. Mle mbele wanakaa wawili, kapteni na rubani msaidizi, na usalama wetu unategemea yule mdogo awe na ujasiri wa kumwambia mkubwa, "Kapteni, hapana." Machi 27, 1977, kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege ya KLM ya Uholanzi ilianza kuruka wakati ndege ya Pan Am ya Marekani ingali kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia, ndani ya ukungu. Injinia wa ndege ya KLM, ambaye enzi hizo alikaa mle mle nyuma ya marubani, aliuliza kama wenzao wameshatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa uhakika kwamba wametoka, na yule hakubisha tena. Walikufa watu 583. Tena kapteni yule alikuwa akikimbizana na ukomo wa saa za kazi uliokuwa umekazwa na sheria ya kwao. Ndiyo maana kifungu cha saa za kuruka na mapumziko kinatuhusu hata sisi abiria, na nashangaa magazeti yanapoandika habari ya mishahara tu.

Sasa fikiria msaidizi anayejua kwamba kapteni wake amekubali nyongeza yake na kumwacha yeye nje. Atamsahihisha kwa moyo gani?

Marubani wa United Airlines ya Marekani waliliona hilo mwaka 1985. Kampuni ilitaka waajiriwa wapya walipwe kiwango cha chini, kwa kazi ile ile na ndege ile ile. Wakongwe wangeweza kunyamaza, maana waliopunjwa si wao. Wakagoma siku 29. Na wale vijana wapatao 570 waliokuwa mafunzoni, ambao kampuni iliwategemea wajaze nafasi, wengi wao walikataa kuwasaliti wakubwa zao. Huo ndio umoja ninaousema.

Kuna umoja mwingine nisiopenda kuuona kwetu, ule wa kuugua kwa pamoja. Februari 1999 marubani wa American Airlines walikuwa na ugomvi na kampuni yao juu ya ununuzi wa shirika jingine la ndege, Reno Air. Ghafla mamia wakawa wagonjwa. Mahakama ikawaamuru warudi kazini, wengi wakaendelea kuugua, na chama chao kikatozwa zaidi ya dola milioni 45. Jirani zetu wa Kenya Airways nao waligoma Novemba 2022, wakidai mambo ya mfuko wao wa akiba na mishahara iliyozuiwa wakati wa Korona, huku amri ya mahakama ya kuzuia mgomo ikiwa tayari imetoka. Siku chache baadaye walirudi kwa amri ya mahakama hiyo hiyo. Dai lilikuwa na uzito, lakini njia waliyopita ilimpa mwajiri hoja ya bure.

Kwetu njia ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliwataja waongoza ndege miongoni mwa watoa huduma muhimu wasioruhusiwa kugoma. Marubani haikuwaweka kwenye orodha hiyo. Wao hupeleka mgogoro wa maslahi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanangoja siku 30 za usuluhishi, wanapiga kura, kisha wanampa mwajiri notisi ya saa 48. Ni safari ndefu, na najua inachosha. Lakini anayeifuata hadi mwisho hana haja ya kujifanya mgonjwa, wala kwenda na hasira zake hadi kwenye usukani.

Ombi langu kwa pande zote mbili ni kuhusu hizo saa 48. Sheria inamtaja mwajiri tu, abiria hatumo. Notisi ikitoka, basi itangazwe redioni siku hiyo hiyo, Mtwara na Lindi, si Dar es Salaam peke yake. Mtu wa Newala au Tandahimba akisikia mapema anawahi basi la alfajiri. Akiambiwa akiwa tayari uwanja wa ndege, nauli ya kushuka Mtwara imeshaliwa, na basi limeshaondoka.

Mstaafu wa bandari,
Shangani, Mtwara