Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: Mkaguzi aje msingi ukiwa wazi

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kukagua nyongeza za nyumba kabla zege halijamwagwa

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili tulizoleta masijala ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hazijajibiwa hadi leo.

Wiki hii maofisa wako wamepita mtaani kwetu na rangi nyekundu. Ukutani mwa kibaraza kilichoongezwa nyuma ya nyumba moja wameandika SIMAMISHA UJENZI. Kibaraza kimeshaezekwa, fremu za alumini zimeshafungwa, vimebaki vioo tu. Msingi wake ulikaa wazi siku tisa, kila mpita njia akiuona. Hakuja mtu. Hati, risiti ya kodi ya ardhi na michoro vilikuwa vimepelekwa kwenu, ada ikalipwa, mwenye nyumba akasubiri kibali. Mvua zikakaribia, fundi akaanza. Sasa anaambiwa avunje, na fedha ya kujenga upya hana.

Rangi ukutani haimwonyeshi mkaguzi kilichozikwa chini. Na kwenye nyongeza, ubaya karibu wote uko chini. Nyumba ya zamani imeshamaliza kutitia, sehemu mpya ndiyo kwanza inaanza. Ukiikalisha kwenye kifusi, au pembeni ya shimo la maji taka, halafu tofali mpya zikafungamanishwa na ukuta wa zamani, ufa utapita hapo hapo kwenye maungio. Msingi mpya uteremke hadi udongo mgumu, usiwe juu kuliko msingi wa zamani bila mhandisi kusema, na kati ya kuta mbili iachwe nafasi ndogo, kama milimita 20, ijazwe kitu laini kinachokubali kusogea. Jambo hilo linaonekana kwa dakika kumi shimo likiwa wazi. Likishafukiwa halionekani tena.

Zege nalo ni hivyo hivyo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo unadai ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji ni lita 25 hadi 28, basi. Tunaona mafundi wakimimina maji mpaka zege linakuwa uji, kwa sababu uji hausumbui kusambaza. Maji yanayozidi hukauka na kuacha vitundu, na nguvu hupotea. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula nondo. Nondo ya milimita 12 inapounganishwa ipishane kama sentimita 60; wengi hupishanisha shubiri moja. Zege likishamwagwa linyweshwe maji siku saba, na mirunda chini ya boriti isiondolewe kabla ya wiki tatu eti imekodishwa na mwenyewe anaidai.

Hatari kubwa zaidi ni pale ukuta wa nje unapobomolewa ili sebule ifunguke kwenye kibaraza. Ukuta ule umebeba kenchi, yaani mbao za paa. Lazima mirunda itangulie, kisha linta, boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, ikae juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande. Na vioo vya kuanzia sakafuni viwe vya tempa, yaani vilivyoimarishwa kwa joto, maana kioo cha kawaida kikivunjika hutoka vipande virefu kama visu, na wanaocheza barazani ni watoto.

Ndugu Mkurugenzi, Machi 2013 jengo lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Rais akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na katika mikutano ya mtaa tukaahidiwa kwamba ukaguzi utafika hadi kwenye nyumba za kawaida. Tulipiga makofi. Tunaikumbusha ahadi hiyo.

Huenda gari halina mafuta. Huenda mhandisi ni mmoja na kata ni nyingi. Hatujaambiwa, tunabahatisha tu. Lakini gari lililoleta rangi lilipata mafuta.

Wananchi wanahimizwa watumie mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na namba yake waithibitishe bodini kabla ya kusaini. Ni ushauri mzuri. Kwa kibaraza cha mita tatu kwa tano, hata hivyo, mkandarasi haji, anakuja fundi. Basi ofisi ya kata ibandike orodha ya mafundi wenye vyeti, maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima hata waliojifunzia kazini. Mwenye nyumba naye aelekezwe akaone kazi ya fundi iliyokwisha kupigwa na masika mawili, aandikiane naye vipimo na aina ya nondo, alipe kwa hatua (msingi, kuta, paa) na abakize sehemu ya malipo mpaka mvua ya kwanza ipite bila kuvuja pale bati jipya linapokutana na ukuta wa zamani. Asitoe nusu ya fedha siku ya kwanza. Wanaotoa tunawajua, na mashimo yao yameota majani.

Orodha ikichelewa tutavumilia. Kibali kikichelewa tutavumilia pia, ingawa inauma. Ombi letu ni moja: mkaguzi aje kabla ya zege. Msingi ukiwa wazi, kosa hurekebishwa kwa jembe na koleo. Paa likiwa juu, ni nyundo na machozi.

Mtaa wa pili kuna shimo jingine limechimbwa tangu Jumatatu. Nondo zimeshafungwa, kokoto imeshamwagwa kando ya njia. Zege ni Jumamosi asubuhi. Tunaomba mkaguzi aje Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi na wasimamizi wa ujenzi wa mtaa