Nisaidie na Isaya 19

Mpendwa Rehema,

Bwana Yesu asifiwe! Pole sana na msiba wa shangazi. Nilipata habari kwa Mama Eliya, nikakupigia mara kadhaa simu haipatikani, ndiyo maana naandika. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, mvua tu ndiyo imekawia.

Nina shida na wewe. Alhamisi kwenye jumuiya tulisoma Isaya 19, na mstari wa mwisho umenikaa moyoni hadi leo. Mungu anawabariki Misri, anawaita "watu wangu". Ashuru ni "kazi ya mikono yangu". Ndipo anatajwa Israeli! Misri, Rehema, waliowatumikisha. Na Ashuru ndio walioiangusha Samaria mwaka 722 KK na kuwahamisha watu wake.

Mzee Lazaro akasimama, unavyomjua. Akasema hapo si Wamisri wenyewe, ni Wayahudi waliohamia huko. Neno lake lina msingi. Wayahudi walikuwa na hekalu katika kisiwa cha Elephantine, mto Nile, likabomolewa mwaka 410 KK. Baadaye kuhani Onia akajenga jingine Leontopolis, hukohuko Misri, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa kale, anaandika kwamba alipoomba ruhusa alitaja unabii huuhuu wa Isaya. Lakini soma mstari wa 21: Wamisri watamjua Bwana, watatoa dhabihu, wataweka nadhiri na kuziondoa. Wamisri. Na mstari wa 20 wanamlilia Bwana kwa sababu ya wanaowaonea, naye anawapelekea mwokozi. Si kilio kilekile cha kitabu cha Kutoka? Sasa wanaolia ni watu wa Farao, na Mungu anawasikia vilevile.

Tena hawaambiwi wapande Yerusalemu. Katika Isaya 2 mataifa yanaumiminikia mlima wa Bwana, na katika Zekaria 14 wasiopanda kwenye Sikukuu ya Vibanda wananyimwa mvua. Hapa madhabahu iko katikati ya nchi ya Misri. Wanamwabudu wakiwa kwao, Wamisri kama walivyo, na njia kuu inatoka Misri hadi Ashuru, wanatembeleana.

Tukaingia kwa Yona. Mama Eliya alicheka mpaka machozi alipofika penye wanyama wa Ninawi kufunikwa magunia, akawa anawaza mbuzi wake. Mimi nilibaki na Yona mwenyewe. Sura ya 4 anasema wazi kwa nini alikimbia: alijua Mungu ni mwenye rehema, na Ninawi ni Ashuru haohao. Sikuweza kumlaumu. Pale mbele yangu alikuwa amekaa Baba Asteria, kimya, na unajua yaliyompata mdogo wake. Nitamwambiaje kwamba hata wale waliomtendea hayo wanaweza kuitwa "watu wangu"? Lakini nikiliruka hilo nitakuwa nimesoma nini? Sura yenyewe hailifichi kosa la mtu: nusu ya kwanza yote ni hukumu, Nile inakauka, wavuvi wanaomboleza, na mstari wa 22 Bwana anapiga ndipo anaponya. Labda nianzie hapo kwenye kupigwa. Au labda...

Alhamisi ijayo zamu ya kuongoza ni yangu, na Mzee Lazaro atakuja na mistari yake. Unalo bado lile daftari la semina ya Morogoro? Nipigie picha kurasa za manabii unitumie. Ungekuwa wewe, ungemweka Naamani, yule jemadari wa Shamu, aliyeomba udongo wa Israeli mzigo wa nyumbu wawili apeleke kwao? Au Zaburi ya 87, Babeli na Filisti wanapohesabiwa kuwa wamezaliwa Sayuni? Baba Asteria nimwone kwanza nyumbani kwake, au nisubiri azungumze mwenyewe? Mama anaendeleaje baada ya mazishi? Na kuja huku ni lini, wewe?

Nijibu kabla ya Alhamisi, tafadhali.

Dada yako,
Tumaini