Redio Inasikia Lakini Haisikiki: Kasoro Iko Kwenye Waya

Malalamiko tunayopokea zaidi hapa karakana yetu Arusha yanafanana. Redio ya upepo imefungwa kwenye pikapu, inawaka, inapokea ofisi vizuri kabisa. Dereva akibonyeza kitufe azungumze, kioo cha redio kinafifia, redio inajizima na kujiwasha upya, au wa upande wa pili wanasikia mkoromo tu. Mteja huja akiwa ameshaamua kwamba redio imekufa na anataka kununua nyingine. Tunamwomba asubiri tupime kwanza, kwa sababu redio mpya ikifungwa kwenye waya uleule itafanya vilevile.

Redio inaposikiliza hula umeme kidogo, chini ya ampia moja. Ikirusha kwa wati 50 inataka kama ampia 12, tena papo hapo. Sasa, mafundi wengi wakifunga redio hutafuta umeme wa karibu: waya wa redio ya muziki, au tundu la kuwashia sigara. Kwa kusikiliza unatosha. Kwa kurusha hautoshi. Waya wa milimita mraba 1, ukienda mita tano na kurudi mita tano, unameza kama volti 2 pale ampia 12 zinapopita. Betri iliyopumzika ina volti 12.4 hivi, kwa hiyo redio inabakiwa na 10 na kidogo, wakati nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.6 au 13.8 na zikishuka chini ya 11 zinaanza kuyumba. Ndiyo maana mteja atakuambia, "injini ikiwaka inafanya kazi, nikizima inagoma." Altaneta ikitoa volti 14 inaficha ubaya wa waya, lakini gari likikwama porini na injini isiwake, hapo ndipo unapoihitaji redio.

Sisi tunavuta waya wa milimita mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Upotevu unashuka hadi volti 0.4 hivi. Waya wa namna hii ni ghali kuliko ule mwembamba, na wateja wengine hutuuliza kwa nini bei yetu iko juu. Tofauti kubwa iko hapo, na hatuwezi kuipunguza.

Kupima unaweza hata wewe mwenyewe. Weka mita ya kupimia volti kwenye plagi ya umeme nyuma ya redio, zima injini, mtu mmoja abonyeze kitufe cha kuzungumza huku wewe ukitazama namba. Ikishuka zaidi ya nusu volti kuliko ilivyo kwenye vichwa vya betri wakati huohuo, waya au viungio vina shida. Hakikisha antena imeunganishwa, maana kurusha bila antena kunaweza kuiunguza redio.

Kuhusu fyuzi tunaomba utusikilize kwa makini. Fyuzi kuu inakaa kwenye betri, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kichwa cha chanya. Tunaletewa magari ambayo fyuzi pekee iko chini ya dashibodi, karibu na redio, na waya wa kutoka kwenye betri unapita kwenye tundu la bati lisilo na raba. Pikapu ikitikisika kwenye barabara ya vumbi siku baada ya siku, kingo za bati zinakata plastiki ya waya kidogo kidogo. Gari moja tulipolifungua tulikuta shaba imeshachungulia, na doa jeusi kwenye bati pale ilipokuwa ikigusa. Betri ya gari la dizeli inaweza kusukuma mamia ya ampia, na kati yake na lile doa hapakuwa na kitu cha kuzuia. Gari lingeungua bila redio kuwa na kosa lolote. Fyuzi ya kwenye betri inalinda waya na gari, na raba kwenye tundu si pambo.

Upande wa hasi nao unasahaulika. Parafujo kwenye bati lenye rangi chini ya dashibodi si ethi, yaani si njia safi ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza kwa nati na washa yenye meno, kisha paka grisi kuzuia kutu. Kwenye magari ya miaka ya karibuni yenye kihisi cha kupima umeme kwenye kichwa cha hasi cha betri, usiunganishe hasi ya redio juu ya kichwa chenyewe. Funga pale waya mkubwa wa betri unapokutana na bodi, la sivyo kompyuta ya gari itapiga hesabu ya kuchaji vibaya.

Wenye Canter, Fuso na baadhi ya Land Cruiser za volti 24, msikubali fundi achukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Itawaka, na siku za kwanza hutaona tatizo. Betri ile itakuwa inachoka peke yake huku mwenzake anachajiwa kupita kiasi, mwisho unanunua zote mbili. Tunafunga kifaa cha kushusha umeme chenye uwezo wa ampia 20.

Swali lingine ni redio iwake na swichi au iwake muda wote. Redio iliyosahaulika wazi hula kama ampia 0.4, yaani karibu ampia-saa 10 kwa siku. Gari lililoegeshwa kambini wiki nzima halitawaka. Kwa wateja wengi tunaweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayofuata swichi ya gari. Ambulensi na magari ya doria tunayaongezea betri ya pili, kwa sababu hao hawawezi kuzima.

Umeme ukishakuwa safi, inabaki antena. Kwenye masafa ya megahezi 150, antena ya robo wimbi ina urefu wa sentimita 50, na inahitaji bati chini yake ili ifanye kazi. Katikati ya paa la kabini ndipo mahali pake. Wateja wanaogopa kutobolewa paa na tunawaelewa, lakini tundu la milimita 19 lenye raba yake, likifungwa vizuri, halivuji. Antena ya sumaku inang'olewa na matawi, na vumbi linaloingia chini yake linakwangua rangi hadi kutu inaanza. Magari ya utalii yenye paa la faiba hayana bati la kusaidia antena, kwa hiyo tunaweka sahani ya chuma kwa ndani au tunatumia antena ya nusu wimbi isiyohitaji bati.

Waya wa antena ni wa omu 50. Ule wa king'amuzi ni wa omu 75, usitumike hata kama unafanana. Tukimaliza tunapima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, kwa kipimo kiitwacho SWR: kikiwa 1.5, kati ya wati 50 zinarudi 2 tu. Kikiwa 3, zinarudi zaidi ya 12, na redio nyingi hapo hujipunguzia nguvu zenyewe. Halafu tunawasha kila kitu kimoja kimoja, hasa taa za LED za kwenye bampa na chaja za simu za bei rahisi, maana baadhi zinatoa kelele inayoziba masikio ya redio.

Masafa hatuyachagui sisi. Kwa Tanzania yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na hatuingizi masafa kwenye redio ya mtu asiye na leseni. Gari linalotoka Kenya kupitia Namanga na leseni ya huko linahitaji kibali cha huku pia.

Ndugu mteja, ukija leta nakala ya leseni yako, kwa kuwa antena tunaikata kulingana na masafa yaliyoandikwa humo. Gari liwe tupu nyuma ya viti, na ulilete asubuhi, kwa sababu kushusha kitambaa cha dari na kukirudisha bila alama hatukufanyi kwa haraka.