Mama wa kibarua amwachie nani mtoto?

Mhariri,

Naandika kutoka Ahero, huku kwa mashamba ya mpunga, na unisamehe kama barua itakuwa ndefu manake hii kitu imenikaa rohoni tangu tuanze kupanda.

Juzi asubuhi tulikuwa kina mama kumi na wawili kwa shamba moja, matope kwa magoti, tumeinama na miche mkononi. Pale juu kwa tuta la mfereji kulikuwa na leso imetandikwa na watoto watatu wamekaa juu yake, mmoja ni wangu, na aliyekuwa anawaangalia ni msichana wa miaka tisa, binti ya mwenzangu. Alikuwa na yunifomu. Mamake aliniambia msichana aliamka akaivaa akitumaini atapatikana mtu mwingine wa kuachiwa hao wadogo, na hakupatikana, basi akakaa hapo mpaka saa nane, sweta yake ya shule ameitundika kwa vijiti viwili kuwakinga jua. Chakula kilipokuja nilishindwa kula.

Mtu ambaye hajui hii kazi atauliza si mama angengoja siku ingine. Mpunga haungoji. Maji ya hii skimu ya umwagiliaji yanapampiwa kutoka mto Nyando na yanakuja kwa zamu, zamu ya shamba ikifika na miche imeshang'olewa kitaluni ni kupanda tu, ukisema leo sina mtu wa kunishikia mtoto mwenye shamba anaita mwingine na wewe jioni unarudi nyumbani mikono mitupu. Na hapo kwa mfereji sio pahali pa mtoto. Maji yetu yana konokono wa kichocho, mbu ndio usiseme, na mwaka jana wangu akiwa na mwaka na nusu aliteleza akaingia kwa maji, mama mmoja aliyekuwa karibu akamshika kwa nguo. Hayakuwa mengi, yalimfika kifuani tu, lakini mpaka leo nikisikia mtoto amenyamaza nainua kichwa haraka.

Zamani ungemwachia nyanya yake. Mamamkwe wangu naye ni mama wa kibarua, tunainama naye shamba moja. Kuna mama karibu na soko anashika watoto kwa shilingi mia kwa siku, na mimi nikipanda kutwa napata mia nne, sasa toa hiyo mia, toa ya boda, toa unga, unabaki na nini? Halafu yuko peke yake na watoto kumi na wanne kwa chumba kimoja chenye dirisha dogo. Simlaumu hata kidogo, anasaidia kuliko hao wote wenye ofisi, lakini mtu mmoja hawezi kubadilisha nepi na kulisha na kuangalia anayetambaa kuelekea jiko, yote mara moja.

Sasa Mhariri nikuambie kitu ambacho wengi huku hawajui. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale inapoorodhesha kazi za kaunti, imetaja elimu ya chekechea, na mstari huohuo ikataja vituo vya kulea watoto. Mstari mmoja! Kaunti zilianza 2013, na ile ya chekechea tumeiona, madarasa yamejengwa mpaka vijijini na walimu wakaandikwa, na nashukuru kwa hilo, kifungua mimba wangu alipitia hapo. Lakini nasari inachukua mtoto wa miaka minne. Wa miezi saba je, wa miaka miwili? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na zote ni nzuri kwa mwenye mwajiri, lakini mimi leo niko shamba la huyu, kesho la yule, chumba changu cha kunyonyeshea ni kivuli cha mti.

Ninachoomba sio jumba jipya la kukatiwa utepe. Darasa la nasari hapa kwetu linafungwa saa sita mchana, kufuli linawekwa, na kando yake kuna choo, kuna tangi la maji na kuna ua. Kaunti iongeze chumba kimoja tu hapo kando, hata cha mabati, chenye mikeka na jiko la uji, kifunguliwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu kikifunguliwa saa mbili sisi tutakuwa tumeshaingia kwa maji. Wafundishwe kina mama wa hapahapa kijijini, walipwe posho kama wahudumu wa afya ya jamii wanaolipwa na kaunti na serikali kuu pamoja. Sisi wazazi tulipe kitu, hatutaki bure. Mimi naweza shilingi thelathini kwa siku, lakini iwe kwa siku, manake anayelipwa kila jioni hawezi kulipa karo ya mwezi mzima, na hapo ndipo vituo vingi vinatukosa.

Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo huwa tunaitwa kutoa maoni. Wakati mwingi mkutano ni siku ya kazi, saa nne asubuhi, tukiwa tumeinama shambani, kwa hivyo wanaozungumzia barabara na taa za soko ndio husikika. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, akisoma hii naomba hapo nasari aje Jumapili baada ya kanisa, tutamwonyesha pale chumba kinaweza kusimama, na yule msichana pia atakuwepo.

Mama wa watoto watatu,
Ahero, Kisumu