Wanangu makocha wapya, pigeni simu kabla ya kupiga filimbi

Wanangu,

Pokeeni salamu zangu, na hongereni. Mwaka 1995 Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alipokimbia na mpira yadi 313 siku timu ya chuo cha Michigan ilipoifunga Ohio State, sisi wazee tulijivunia kuwa na mchezaji. Leo watoto wetu mnaanza kukaa kwenye benchi la ufundi la futiboli ya Kimarekani vyuoni, na furaha yangu siwezi kuificha.

Nawaandikia kuhusu zile siku chache baada ya kusaini mkataba, kabla hamjaanza kazi. Wengi huzitumia kupiga picha na kufungasha mizigo. Mimi nilizishuhudia nikiwa upande wa mzazi.

Mwanangu alikuwa mwaka wa pili chuoni kocha wake alipoondoka. Habari za kocha mpya tulizipata kwenye televisheni. Mama yake akawa anaweka simu mezani wakati wa chakula, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa mwiko, akisubiri. Siku 19 zikapita bila simu kuita. Siku ya 20 mtoto akapokea ujumbe wa mistari miwili: atafute chuo kingine. Hakuwa nyota, hilo nalikubali. Lakini mkono wake ulivunjika akiichezea timu ile, na siku hiyo bado ulikuwa na plasta.

Kwa hiyo wino wa mkataba ukiwa bado mbichi, ombeni orodha ya wachezaji mliowakuta. Gawaneni majina na mpigie kila mmoja, mkianza na majeruhi. Muulizeni anasoma nini, nani anamtibu, na kocha aliyeondoka alimwahidi nini kwa mdomo. Hilo la mwisho liandikeni, hata kama hamwezi kulitimiza, kwa sababu mzazi analikumbuka neno kwa neno. Kisha zungumzeni na mzazi mwenyewe.

Msidhani haya ni ya huruma tu. Kocha Nick Saban alipostaafu chuo cha Alabama tarehe 10 Januari 2024, wachezaji walipata siku 30 za kuhamia chuo kingine. Kalen DeBoer aliajiriwa mahali pake siku mbili baadaye, na bado Caleb Downs akaenda Ohio State, Isaiah Bond akaenda Texas. Ikiwa Alabama iliwapoteza hao huku kocha mpya akiwa amepatikana upesi namna hiyo, chuo kidogo kitakachokaa kimya wiki tatu kitabaki na nani?

Najua mtavutwa kwingine. Tangu 2017 wanafunzi wa sekondari husaini vyuoni mwezi Desemba, wakati uleule ambao makocha wengi wanabadilishana kazi. Mtataka kuwakimbilia hao. Kaeni kwanza na ofisa wa chuo anayesimamia kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, awaonyeshe kalenda. Kuna vipindi ambavyo kukutana na mwanafunzi ana kwa ana ni marufuku, ingawa simu inaruhusiwa. Kocha mgeni huponzwa na haraka.

Sisemi msilete watu wenu. Kocha Curt Cignetti alipotoka chuo cha James Madison kwenda Indiana alifuatwa na wachezaji 13, na msimu wa 2024 Indiana ikashinda mechi 11 na kupoteza 2. Deion Sanders naye, Desemba 2022, aliwaambia wachezaji wa Colorado kwenye kikao cha kwanza kabisa kwamba analeta wake, na wasioweza waondoke. Yalikuwa maneno makali, na mimi nisingeyasema hivyo. Hata hivyo waliyasikia kinywani mwake, wakimtazama usoni. Mwanangu hakupata hata hilo.

Na mkiaga kule mnakotoka, waageni vizuri. Wachezaji mnaowaacha wasipate habari kwenye simu zao kabla hamjaingia chumbani kuwaambia wenyewe.

Na wasifu wenu wa kazi usomeni upya kabla ya kusaini, mstari kwa mstari. Kocha George O'Leary alipewa timu ya chuo cha Notre Dame Desemba 2001. Siku tano baadaye alijiuzulu, kwa sababu wasifu wake ulimpa shahada ya uzamili ambayo hakuwa nayo. Hakufundisha pale hata mechi moja. Ukikuta kosa, hata dogo, likiri kwa mwajiri siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu zile simu. Wazazi wengi wa kwetu walioko Marekani hufanya kazi za zamu, wengine usiku kucha kwenye maghala na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Muulizeni mtoto saa gani mama yake yuko macho, ndipo mpige. Na akiitika kwa Kiswahili, msimjibu kwa Kiingereza.

Ni mimi mzee wenu.