Waini haiishi kwenye sufuria, tafadhali rekebisheni

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa hapa Nakuru, ukurasa wa mapishi ndio nafungua kwanza kabla hata ya siasa, na ile wiki mliandika mapishi ya Kifaransa ya kupikia nyumbani nilifurahi sana juu nimetamani kujaribu hivyo vyakula miaka mingi. Niliukata ule ukurasa na makasi nikaubandika kwa mlango wa kabati ya jikoni. Lakini kuna sentensi moja pale imeniletea aibu kwa nyumba yangu. Mlisema waini ikishatokota kidogo pombe yote inaenda na mvuke, kwa hivyo hata mtu asiyekunywa anaweza kula bila wasiwasi.

Hiyo si kweli, na wacha nieleze vile ilinipata.

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kututembelea kutoka Vihiga, yeye ni wa kanisa la Friends, wale Quaker walioanzia Kaimosi mwaka wa 1902, na pombe hajawahi kuonja maisha yake yote. Nikasema nitampikia coq au vin, inatamkwa kok-o-van, yaani jogoo ndani ya waini, nikaona inafaa kabisa kwa sababu kwa Waluhya mgeni wa maana anachinjiwa ingokho, yaani kuku, na hiki chakula asili yake ni ya watu wa shamba, jogoo amezeeka nyama imekaza, unampika polepole kwa waini na vitunguu na uyoga mpaka akubali. Nikanunua jogoo wa kienyeji, nikanunua chupa ya waini nyekundu nikaimimina yote, ikatokota saa moja na kitu, nyumba nzima ikanukia.

Mama alionja mchuzi mara moja tu. Akashikilia kijiko hapo karibu na mdomo akaniuliza, "Mwanangu, umetia nini humu?" Nikamwambia ni waini Mama, lakini pombe yote imeisha, gazeti limesema. Hakunigombeza. Aliweka kijiko chini taratibu kando ya sahani, akapangusa midomo na leso, akaomba ugali na sukuma iliyokuwa imebaki mchana. Bwanangu naye hakusema kitu, lakini hata imondo, ile firigisi ambayo mwenye boma huwa haachi, ilibaki kwa sahani yake mpaka ikapoa.

Usiku huo nilikaa na simu nikatafuta. Idara ya kilimo ya Marekani ina hesabu ya hii kitu, ukichanganya pombe kwa chakula ukakitokosa dakika 15 inabaki kama asilimia 40, saa moja inabaki 25, na mpaka ufike masaa mawili na nusu ndio inashuka hadi 5. Na ile ya kumwaga brandi alafu unawasha kiberiti moto unaruka juu, watu wanadhani imechoma kila kitu, kumbe inabaki asilimia 75. Ni kweli pombe ikiwa peke yake inachemka kwa nyuzi 78, mapema kuliko maji, lakini zikishachanganyika hazitengani kirahisi hivyo, zinapanda pamoja kidogo kidogo, na ukiwa umefunika sufuria mvuke mwingine unarudi chini. Kwa hivyo ule mchuzi wangu wa saa moja na kitu ulikuwa bado na karibu robo ya pombe ya chupa nzima, na nikampa mama wa watu akaonja nikimwambia haina.

Sisemi msiandike kuhusu waini. Anayekunywa apike nayo, kule Bourgogne, Ufaransa, zabibu ndio shamba lao kama vile chai ni shamba la Kericho, na hicho chakula ni kitamu. Ninachoomba ni muandike pale juu kabisa, kabla ya vitunguu na chumvi, kwamba pombe imo na itabaki. Anayesoma anaweza kuwa Mwislamu wa mtaa wetu wa Bondeni, anaweza kuwa Msabato, mama mjamzito, ama mtu ameacha kunywa na anapigana na hiyo kiu kila siku ya Mungu, na hao wote wanawaamini. Hata ile bekoni mliandika bekoni tu, wengine hawajui hiyo ni nguruwe.

Kitu kingine ni muda. Mliandika jogoo aive kwa saa moja na nusu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huku yanachemka kwa nyuzi kama 94, hayafiki 100 kama Paris ambayo iko chini, ndio maana hata maharagwe yetu yanachelewa. Jogoo wa kienyeji hapa mpe masaa matatu. Mkitumia broila naye ataiva haraka lakini atachambuka awe nyuzinyuzi, si wa hii kazi.

Kinachoniuma ni kwamba Wafaransa wana vyakula kibao visivyo na tone la pombe na hamkuvigusa. Kuna poule au pot, kuku mzee anatokoswa na karoti na liki na kitunguu kimechomekwa karafuu, unaengua povu tu na kungoja, inasemekana mfalme wao Henri wa Nne alitaka kila mkulima awe na kuku kwa chungu siku ya Jumapili. Kuna hachis Parmentier, na hii ingefaa watu wa Nakuru kuliko zote juu ni ya viazi. Huyo Parmentier mwenye jina la hicho chakula alikuwa mfamasia, alifungwa Prussia wakati wa vita akalishwa viazi, akarudi kwao akakuta watu wanaona hicho ni chakula cha nguruwe, mahakama kuu ya Paris ilikuwa imepiga marufuku kuvilima tangu 1748, akavitetea mpaka madaktari wa Paris wakakubali mwaka wa 1772 kwamba vinalika.

Mimi hiyo hachis naipika na viazi vya Molo, aina ya Shangi. Nyama ya kusaga nakaanga na kitunguu na saumu mpaka ikauke maji, viazi naponda na maziwa moto na siagi, nakwaruzia kungumanga kidogo, natandaza juu ya nyama. Oveni sina. Naweka sufuria kwa jiko lenye makaa machache chini, alafu makaa mengi yaliyoshika vizuri juu ya mfuniko, vile tunaoka keki, na baada ya dakika 25 hivi ukifunua juu imekuwa rangi ya dhahabu na pembeni inatoa mapovu ya mchuzi.

Hata vinywaji mlitaja vya pombe pekee. Citron pressé ni nini kama si limau? Unamletea mgeni maji ya limau kwa glasi, jagi la maji baridi na sukari kando, kila mtu anajichanganyia vile anapenda.

Mama alikuja tena mwezi wa nne. Nilimtajia kila kitu kilichokuwa kwa sufuria kabla sijapakua, moja moja, akiwa amesimama hapo jikoni ananiangalia. Akala akaongeza. Basi Mhariri, naomba masahihisho yatoke kwa ukurasa uleule wa mapishi na kwa herufi kubwa zilezile, msiyafiche kule pembeni mwa matangazo ya vifo, juu najua si mimi peke yangu niliukata ule ukurasa nikaubandika.

Msomaji wenu,
Nakuru